Maji ya Kutema

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikutana, na kijiji kizima cha Mkunya kikawa kinashinda na njaa. Wakristo walifunga, Waislamu walifunga, na wale wachache wasiofuata dini yoyote wakaona haya kula mbele za watu, wakawa wanatafuna mihogo yao nyuma ya nyumba. Lakini katika wafungaji wote hakuna aliyemfikia Isabela, mama yake Reginald. Wenzake kanisani waliacha nyama na pombe. Yeye aliacha kila kitu mpaka jua lizame, hata maji, sawasawa na Waislamu, ingawa ungemwambia hivyo angekukasirikia. Watu walimtania kwamba Mama Reginald akifunga, hata kuku wake hukonda.

Tumpe haki yake: hakuwa mnafiki. Mume wake marehemu alikuwa mwalimu wa kanisa, na yeye alibaki akifagia kanisa bila kuombwa, akiuguza wagonjwa wasio wake, akisali asubuhi na jioni mpaka magoti yakaota sugu. Ila alikuwa na mdogo wake, na mdogo wake huyo hakumsamehe.

Mama yao alipokufa, Isabela ndiyo kwanza alikuwa ameolewa, na Cecilia alikuwa mtoto wa mgongoni. Akambeba. Akamlea pamoja na Reginald wake, akamfundisha kuteremka bondeni kuchota maji na kupanda nayo mlima bila kumwaga, akamfundisha na sala. Alipokua akamtafutia mchumba, Danieli, mwalimu wa Lupaso, kijana mpole mwenye baiskeli. Ndoa ikatangazwa kanisani, unga ukatwangwa, wageni wakapanda kwa miguu kutoka Masasi. Asubuhi ya arusi kitanda cha Cecilia kilikutwa kitupu. Alikuwa amekwenda Kitangari kwa Nurdini, muuza nguo, na haukupita muda mrefu watu wakasikia kwamba amesilimu na jina lake sasa ni Somoe.

Isabela aliwapakulia wageni chakula cha arusi isiyo na bibi arusi, tena kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakulitamka jina la mdogo wake, la kwanza wala la pili. Akilazimika alisema “yule wa Kitangari”. Danieli mwenyewe alikwisha kuoa zamani, ana watoto wake, na akikumbushwa habari ile hucheka. Mwenye kidonda amepona, na Isabela ndiye aliyebaki analia. Majirani hawakuingilia. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wao walilima. Kila mwaka kabla ya Pasaka Isabela alikwenda kwa padri kuungama, akataja hasira zake, uvivu wake, na maneno aliyomsengenya Scholastika, jirani yake. Hili hakulitaja. Dhambi aliitenda yule aliyeondoka, aliwaza, sasa mimi niungame dhambi ya mtu mwingine?

Somoe alikuwa na binti, Sophia, aliyeolewa na Mahmudu wa hapo hapo Mkunya. Isabela alikuwa akipishana naye njiani. Binti alimwamkia, naye aliitikia bila kusimama. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu uchungu wa mimba ya kwanza ukamshika Sophia. Kukapambazuka, jua likapanda, na mtoto hakutoka. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Kitangari kumuuguza. Mkunga, Dorothy, ambaye naye alikuwa Mkristo, akamvuta pembeni akamuuliza kama kuna mtu katika ukoo wao mwenye neno moyoni.

Kule juu mlimani uchungu ukimkalia mwanamke, ndivyo watu wanavyoulizana. Ukoo huenda kwa mama, kwa hiyo hutazamwa mama, mama mkubwa na mjomba. Mwenye kinyongo huletewa kata ya maji. Hulitaja neno lake kwa sauti, watu wasikie, kisha huyatia maji kinywani, husukutua, hutema chini, na kinyongo kimetoka. Mapadri waliijua desturi hiyo na hawakuikataza, maana hawakuona ubaya wa watu kusameheana. Lakini ina mwiko wake. Ukitema maji na neno bado unalo, uwongo wako unamwangukia aliye kitandani.

Kwa hiyo Isabela alipokuwa anajifunga kanga yake nyeusi kwenda kanisani, alimkuta yule wa Kitangari amepiga magoti mlangoni, kata ya maji mikononi. Alikuwa amenenepa kidogo, na midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba,” alijibu Isabela, kwa sababu salamu hanyimwi mtu, hata adui.

Somoe akaeleza kwa kifupi: Sophia anakwisha nguvu, mkunga ameagiza, na katika wakubwa wa ukoo amebaki yeye peke yake. Hakujitetea wala hakutaja mambo ya zamani. Isabela aliyatazama yale maji kana kwamba ameletewa nyoka.

“Leo ni Ijumaa Kuu,” alisema. “Nimefunga. Maji hayaingii kinywani mwangu mpaka jua lizame.”

“Na mimi nimefunga, dada. Asubuhi nimetawadha, nimesukutua, na saumu yangu ipo. Maji ya kusukutua hayanywewi.”

“Hiyo ni dini yako.”

Akamzunguka pale kizingitini, akashika njia ya kanisani. Hakugeuka nyuma.

Kengele haikulia siku hiyo, kama ilivyo ada. Watu waliingia kimya, mvua ya masika ikinyunyiza juu ya bati. Padri Ambrosi alisoma habari ya mateso, akafika pale Bwana alipolalamika kwamba ana kiu. Miaka yote neno hilo lilimfariji Isabela, kwa sababu hata yeye saa hiyo ulimi ulikuwa umekauka, akajiona anateseka pamoja na Bwana wake. Leo lilimkera. Alipofumba macho hakumwona Bwana. Aliona midomo iliyopasuka, na chini yake kata imejaa maji ambayo mwenyewe hakuyanywa.

Kisha padri akahubiri, maneno machache tu, juu ya wale askari. Alisema Bwana aliwaombea msamaha wakiwa bado wana nyundo mkononi, kabla hawajamwomba chochote, na kwamba mmoja wao labda alikufa mzee bila kujua kuwa aliwahi kuombewa. Isabela alisikia mpaka hapo, hakusikia zaidi. Mimi nimeombwa, aliwaza. Nimepigiwa magoti.

Na akiwa amekaa katika benchi lake la siku zote akakiri jambo alilolijua tangu asubuhi. Hakuogopa kuvunja mfungo. Mfungo gani unaovunjwa na maji ya kutema? Aliogopa maji yenyewe. Padri alikuwa akimwondolea dhambi zake, kwa kuwa padri husikia yale unayomwambia. Maji yalitaka lile lililomo, na yeye hakuwa tayari kulitoa. Miaka yote amekuwa akijinyima chakula ili Mungu asimdai kitu kingine. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu atake kuondoka mbele za watu, naye akaondoka. Katikati ya ibada ya Ijumaa Kuu Mama Reginald alisimama akatoka, na Scholastika akaapa baadaye kwamba alidhani mwenzake ameshikwa na tumbo.

Njiani matope yalikuwa mengi, akavua viatu akavishika mkononi. Alikuwa akiomba, ila sala haikukaa sawa, ilikwenda pamoja na hatua zake: Mungu, asife, Mungu, asife kwa ajili yangu. Baadaye kidogo, kwa kuwa binadamu ni binadamu, akaanza kupanga maneno atakayosema. Atasema kwamba amesamehe kuacha dini. Amesamehe aibu ya Danieli. Amesamehe fedheha mbele ya wageni wa Masasi. Yalikuwa maneno mazuri, na alijiona akiyasema huku watu wakinyamaza kumsikiliza.

Alipofika karibu na ua wa Mahmudu akasikia mtoto analia.

Dorothy alikuwa nje ananawa mikono. Akamtazama Isabela kuanzia miguu yenye matope mpaka kanga ya kanisani. “Umechelewa, Mama Reginald. Kaja mwenyewe. Mtoto wa kike, na mama yake yu mzima.”

Isabela akasema ashukuriwe Mungu, na alikuwa na furaha, machozi yalimtoka. Lakini chini ya furaha ile palikuwa na kitu kingine, na kilimuumiza kukiona: alihisi kama ameporwa. Amekuja na msamaha wake mikononi na hakuna aliyeuhitaji. Mtoto amepita bila kumwomba ruhusa.

Somoe akatoka ndani na beseni la nguo za kufua. Akamwona dada yake, akasimama. Isabela akangoja shikamoo. Haikuja. Mdogo alimtazama mkubwa wake usoni, kisha akainama kuweka beseni chini, na hapo Isabela akaelewa kwamba hesabu zimegeuka. Mwenye kinyongo sasa alikuwa Somoe. Na haki alikuwa nayo.

Ile kata ilikuwa juu ya mtungi, imejaa kama ilivyokwenda na kurudi. Isabela akaichukua, akapiga magoti kwenye tope la uani, mwanamke mzima mbele ya mtoto aliyemlea. Dorothy akaacha kunawa.

“Leo asubuhi ulinipigia magoti mlangoni pangu,” alisema, “mtoto wako yu mashakani, nami nikakupita nikaenda kusali. Nilikwambia nimefunga. Nilikuwa nasema uwongo. Nisamehe, mdogo wangu.”

Somoe akaipokea kata. Akayatia maji kinywani, akasukutua, kisha akatulia nayo. Mashavu yamejaa, macho yametazama mbali, kuelekea njia ya Kitangari. Isabela alingoja. Magoti yalimzama topeni, mvua ikamwingia shingoni, na hakuwa na la kufanya ila kungoja uamuzi wa mtu mwingine. Hakupata kujua kwamba kungoja msamaha ni kazi ngumu hivi. Yeye siku zote alikuwa upande wa kuchelewesha. Alimkumbuka huyu huyu akipishana naye kwenye mazishi ya mjomba wao, akitaka kusema neno, na yeye akageuza uso.

Somoe akatema. Maji yakaanguka chini katikati yao.

“Langu umelitaja wewe, na limetoka,” alisema. “Na lako, dada? Litaje.”

Isabela akafungua kinywa aseme ya dini, na ya Danieli, na ya wageni. Hayakutoka. Aliyatafuta yale maneno mazuri ya njiani akaona si yake, aliyaokota kwa watu. Danieli hakumuuma. Hata msikiti haukumuuma sana, kama ni kusema kweli mbele ya maji. Lililomuuma lilikuwa dogo, na alipolitamka sauti yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba Dorothy ilimbidi asogee.

“Hukuniaga.”

Somoe akamuuliza, “Ningekuaga, ungeniacha niende?”

“Nisingekuacha,” alisema Isabela. “Lakini ningekuona ukiondoka.”

Somoe akapiga magoti naye, akamshikia kata kwa mikono miwili, kama anavyoshikiwa mtoto anayejifunza kunywa, na Isabela akasukutua, akatema.