Njia ya Kupandia Ngomeni

Kitinda alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa nzima alishinda ameinamia meza yenye vumbi jeupe, lenzi ya kukuzia jichoni, akichonga gego la mtu ambaye hajawahi kumtia machoni. Ungemwona jioni akitoka pale kliniki, amejishika kiuno, ungeapa kwamba haja yake duniani ni kitanda tu. Lakini Jumamosi ikifika, kabla jua halijawa kali, alikuwa anaitoa baiskeli yake ya milimani koridoni kwa mama yake, anajaribu breki, anatia mnyororo mafuta, anajifunga kofia ngumu kidevuni, huyo msituni.

Jina hilo alipewa nyumbani, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Dada zake walikwisha kuolewa wote, akabaki yeye na mama, na mama hakuchoka kumkumbusha kwamba baiskeli haijawahi kumposa mtu.

Msitu ulianzia nyuma ya mtaa wao, ng'ambo ya kijito, ukapanda na kushuka na vilima mpaka juu kwenye ngome ya kale. Ngome yenyewe ilikuwa imebaki kuta na lango, na mnara uliomeguka kichwa. Nani aliijenga, na alimwogopa nani, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Njia ya kuifikia ilikuwa nyembamba, imejaa mizizi na mawe, na mwisho wake ulikuwa na mpando wa kumtoa mtu roho.

Kwenye njia hiyo ndiko alikokutana na Mwashi. Alikuwa mmoja wa mafundi wa mawe walioletwa kuzikarabati kuta za ngome, na kwa kuwa gari la kazi lilikuwa linachukua barabara ya mzunguko, yeye alijinunulia baiskeli akawa anakatiza msituni. Siku ya kwanza alimkuta Kitinda amekwama katikati ya mpando, gurudumu la nyuma linateleza. Hakumcheka. Alimwambia tu akae kitini, asisimame, uzito ubaki nyuma. Kitinda akakaa, tairi likashika ardhi, akapanda. Kuanzia hapo Jumamosi zao zikawa moja.

Mwashi alitangulia, Kitinda akafuata. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, mpaka Kitinda akaujua mgongo wa mwenzake kuliko uso wake: jinsi bega la kushoto linavyoshuka kabla hajakata kona, jasho linavyoanza chini ya shingo na kuteremka, anavyonyanyuka kidogo akiona jiwe, naye Kitinda akajua kuna jiwe. Kule juu walikuwa wakiegemea ukuta, wakinywa chai ya chupa. Mwashi alikuwa akimwonyesha mawe, haya ya zamani, haya nimeyatia mimi, na Kitinda akimwambia kwamba meno ya bandia yeye huyatambua hata mtu akiwa amefumba mdomo. Mwashi akasema basi kazi yao ni moja, kuziba mapengo. Wakacheka, na katikati ya kicheko hicho Kitinda akasikia neno limemfika kooni. Akalimeza pamoja na chai. Jumamosi iliyofuata akalimeza tena. Alijiambia kwamba akilisema na Mwashi akakataa, atakosa hata hiki kidogo anachopata.

Kisha kazi ikaisha. Mwashi akapelekwa kukarabati ngome nyingine, mbali, ng'ambo ya mpaka. Waliagana pale kijitoni kwa kupeana mikono, na Kitinda hakukumbuka hata kuvua glavu. Nyumbani alijifungia bafuni, akafungulia maji ili mama asisikie kilio. Mwanzoni ujumbe ulikuja kila wiki, kisha mara mojamoja, kisha ukawa wa sikukuu tu, ule anaotumiwa kila mtu. Yeye aliendelea kupanda. Hakukuwa na kona wala jiwe ambalo halikumletea ule mgongo, na mara nyingine alijikuta ameshika breki bila sababu, kana kwamba kuna mtu mbele yake.

Ndipo siku moja simu ikalia akiwa kazini: Mwashi. Mvua zilikuwa zimeupasua ukuta wa mnara, na Mwashi ameitwa kuja kuutazama. Angekuwepo Jumamosi. Aliuliza kama wanaweza kupanda pamoja.

Wiki hiyo Kitinda hakuwa na akili yake. Daktari wa meno, mzee mpole asiyependa kugombeza watu, alikuja mezani na seti ya meno mkononi, akamuuliza taratibu kama mgonjwa wao amegeuka farasi. Ijumaa jioni mama alimkuta anapiga pasi fulana yake ya kuendeshea baiskeli.

"Siku hizi jasho nalo linapigiwa pasi?" mama akauliza.

Kitinda akaigeuza fulana upande wa pili. Mama akamtazama, akaenda zake jikoni.

Mwashi alikuja na baiskeli ya kuazima. Alikuwa ameongezeka mwili kidogo, na mvi mbili tatu zimeingia ndevuni, lakini alipokanyaga pedali na kutangulia, bega la kushoto lilishuka vilevile, na Kitinda nusura aingie mtini kwa kutazama. Msitu ulikuwa umelowa. Majani yaliyooza yalinata kwenye matairi, matope yakawarukia mpaka kwenye meno. Wakavuka kilima cha kwanza, wakateremka bila breki, wakapanda cha pili wakihema, na kwa muda huo wote hakuna aliyesema neno, wala halikuhitajika. Kitinda aliomba kimoyomoyo njia isiishe.

Kwenye mpando wa mwisho Mwashi alishindwa. Alishuka, akaanza kuikokota baiskeli huku akijicheka mwenyewe. Kitinda alimpita, akafika juu peke yake, akamngoja langoni.

Mwashi alipofika alikwenda moja kwa moja mnarani, akapitisha kiganja juu ya ule ufa kama mtu anayempapasa mgonjwa. Alisema msingi umekula maji, lakini unatibika. Kitinda alisimama nyuma yake. Alikuwa amekata kauli tangu Ijumaa, akiwa na pasi mkononi: leo liwe liwalo.

"Mwashi, nina neno," akasema. "Nimekaa nalo muda mrefu."

Mwashi hakugeuka, ila mkono wake ulitulia pale ukutani.

"Nilikuwa nakupenda. Sisemi urafiki wa baiskeli. Nilikuwa nakupenda kabisa."

Upepo ulipita langoni, ukayatikisa majani yaliyoota juu ya kuta. Mwashi akageuka.

"Nilikuwa najua," akasema. "Nami nilikuwa nakupenda hivyohivyo. Nikajiambia, mimi mtu wa kuhamahama, huyu ana mama yake hapa, ana kazi yake. Nikangoja uniambie nisiondoke. Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Kweli. Sikukuuliza."

Kisha akamweleza yaliyobaki, bila kuzunguka. Kule alikokwenda alikuwa ameoa, na mkewe alikuwa mjamzito. Mke huyo alikuwa muuguzi, mtu mwema, mcheshi. Mwashi hakumsifu kupita kiasi wala hakumtia dosari ili Kitinda ajisikie nafuu, na kwa hilo Kitinda alimshukuru baadaye, si siku ile. Siku ile, kati ya maswali yote aliyoweza kuuliza, lilimtoka ambalo hakulitegemea.

"Anaendesha baiskeli?"

"Hapana. Anaogopa mteremko."

Wakacheka wote wawili. Kicheko hakikudumu. Kitinda akafungua chupa ya chai, akamimina kikombe, akampa, na Mwashi akanywa kimya akitazama vilima. Alikuwa na macho mekundu. Alisema ufa huo utazibwa na mafundi wengine, kwa hiyo huenda asirudi tena.

Walipoteremka, Kitinda alitangulia. Hakuomba, alipanda tu baiskeli akaondoka, kwa kuwa hakutaka kuutazama mgongo ule njia nzima. Nyuma yake alisikia matairi ya Mwashi yakisaga kokoto, yakipotea, yakisikika tena. Aliteremka kwa kasi ambayo siku nyingine angejigombeza, machozi yakivutwa na upepo kuelekea masikioni. Kijitoni waliagana. Safari hii alivua glavu.

Mama alimwona alivyoingia, matope mwili mzima, macho yamevimba. Mzaha aliokuwa ameuandaa akauacha. Alimpashia maji, akamletea kanga, akakaa kando yake kwenye mkeka.

"Nilidhani angefika mpaka nyumbani," akasema.

"Ana mke, mama."

Mama akamvutia kanga mabegani. "Lakini ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Basi hutakufa nalo, mwanangu," mama akasema, akaanza kumtoa majani kwenye nywele. Halafu akamuuliza kule juu kukoje, maana ameishi chini ya kilima kile maisha yake yote, na ngome huwa anaiona kama jino moja tu lililobaki. Kitinda akamsimulia, lango, mnara, vilima vinavyofifia mpaka vikafanana na mawingu, mpaka sauti ikamkatika, na mama akasema haidhuru, utanimalizia kesho.

Wiki kadhaa baiskeli ilikaa koridoni, mama akiipita na ndoo bila kusema neno. Kitinda alichonga meno, akayachonga vizuri, daktari akamsifu. Siku aliyorudi msituni alikuta mafundi wapya wameshaanza kazi mnarani. Hakukaa. Nyuma ya ngome kulikuwa na njia nyingine ya kuteremkia, ya mzunguko, ambayo Mwashi hakuwahi kuitaka kwa sababu ya miiba. Akaishika hiyo.

Miiba ilikuwepo kweli. Ilimchana mkono wa fulana, ikamtoboa tairi mapema tu, akashuka kutia kiraka. Pale alipochuchumaa palikuwa na maji yanayochuruzika mwambani, ukoga wa kijani umetanda juu ya mawe, na jua likipenya majani na kuangukia maji yale. Alikuwa hajawahi kupaona. Akiwa na pampu mkononi, akijaza upepo, akajikuta anamsimulia Mwashi kimoyomoyo, taratibu, pembe kwa pembe, jinsi mahali pale palivyo.