Rubani wa Bwana Henry

Mke wangu Vitalia aliumwa na nyoka akichuma kahawa shambani kwetu Mpepai. Nikapiga simu kituo cha afya. Bwana Henry, msimamizi wa magari, akasema gari la wagonjwa ni bovu. Nikampakia kwenye bodaboda, akanifia njiani. Msibani huyo huyo Henry akasimama mbele za watu akasema marehemu alicheleweshwa nyumbani kwa dawa za majani. Wakubwa ndivyo walivyo, wanakuua na rambirambi wanatoa. Shemeji yangu Pankras, kaka wa Vitalia, akamwamini. Tangu siku hiyo akawa hali chakula kwangu, hata maji hanywi.

Baadaye dereva mmoja aliyefukuzwa kazi akaninong'oneza kuwa gari siku ile lilikuwa zima. Lakini mimi niliyeishia darasa la nne nitamshtaki nani, na kwa nani?

Henry ana starehe yake, gemu ya kupigana kwa ndege kwenye kompyuta, kibandani kwa Loveth, binti anayekodisha kompyuta na kuonyesha mpira pale Mbinga mjini. Rubani wake amekusanya nishani miaka mitatu. Ndege ikidunguliwa, rubani anaruka na mwavuli, nishani zinabaki. Akiuawa rubani mwenyewe, zote zinafutika. Nilipolijua hilo nikaenda kujifunza.

Mwanzo nilikuwa nalenga pua ya ndege kwa adui na kumkimbilia. Nampita, anabaki nyuma yangu, ananimaliza.

"Baba, unakimbiza kuku?" Loveth alinicheka. "Akikata kona kali usimfuate humo humo. Panda juu, mwendo upungue, umwangalie. Halafu mshukie mgongoni."

"Na akiwa nyuma yangu?"

"Usimkimbie. Mgeukie yeye, kwa nguvu, akose pa kulenga."

Nilijifunza masika nzima, mahindi yakamezwa na magugu.

Jumapili moja baada ya misa kibanda kilijaa watu wanaosubiri mpira, Pankras akiwemo. Nikaketi kwenye kompyuta ya pili, kando ya Henry.

"Shikamoo mzee," Henry akasema. "Hili si jembe, lakini karibu."

Akanijia nyuma. Nikamgeukia, risasi zake zikapita pembeni. Tukazungukana, sasa mimi nyuma, naye akabana kona, akitaka nimpite. Sikumfuata. Nikapanda. Nikamwona chini akizunguka, ananitafuta. Nikalala ubavu, nikamshukia mkiani, nikamkata bawa.

Rubani akaruka. Mwavuli ukafunguka.

"Haya, umeshinda," Henry akacheka. Mimi nikageuza ndege kuelekea ule mwavuli.

"Huyo hapigwi, mzee!"

"Siku ya Vitalia gari lilikuwa wapi?"

"Gari gani? Geuza ndege!"

"Lilikuwa wapi, Henry?"

Macho yake hayakutoka kwenye kioo. Jasho lilimtiririka kwa ajili ya mtu wa kuchora, wakati kwa mke wangu hakutoa hata tone.

"Lilikwenda Mbamba Bay! Kuchukua samaki wa sherehe ya bosi! Niliagizwa! Basi, geuza!"

Nikafyatua. Mwavuli ukapotea. Kwenye kioo chake nishani zikafutika, moja moja.

"Si nimesema!" Henry akapiga meza. "Mzee, si nimesema!"

"Umesema."

Akainuka atoke. Pankras alikuwa ameshafika mlangoni, akaufunga, akauegemea.

"Kaa, Bwana Henry," alisema. "Sikusikia vizuri. Dada yangu anakufa, gari lilikwenda kuchukua nini?"