Mkwe Msikivu

Mume wangu hutunga maswali ya sarufi ya mtihani wa taifa, na kazi yake hasa ni kubuni majibu yenye makosa, yale ya kuwatega watoto. Kubuni ni neno la heshima tu. Tunaishi kwa mama yangu, na kila tunapokula yeye humsikiliza mama kwa adabu zote. "Endelea, mama." Mama akawa anawaringia majirani kwamba mkwe msikivu kama huyu hajazaliwa.

Juzi binti yetu alileta mtihani wa mwaka jana, bibi yake akamsaidia. Swali la kwanza, kati ya majibu, akakuta "Jana nimeenda sokoni." La pili, "Jipige moyo ngumi, mwanangu." Akayachagua bila wasiwasi, maana aliyazoea mdomoni mwake.

"Bibi, umepata sifuri," mtoto akasema. "Hayo ndiyo makosa. Baba ndiye aliyeyatunga."

Mama hakugomba. Jioni alimngoja mtaalamu wetu anawe, akampakulia chakula.

"Mwanangu, nisahihishe na hili," akasema. "Kesho mkwe wangu atahama nyumbani kwangu. Hapo nimekosea wapi?"

Mtaalamu alitafuta kosa mpaka chakula kikapoa.