Kamba Nyuma ya Jiko

Masika iliyopita ukingo wa udongo nyuma ya jiko letu uliporomoka, ukamfunika mama akiwa anachochea moto. Watu wa kijiji chetu cha Lukozi walichimba, wakamtoa, tukamzika. Jiko jingine tulilijenga palepale, maana uwanja wetu ni mdogo na huku milimani tambarare haipatikani hovyo. Baba alirudi kwenye karoti zake, mimi kwenye kabichi. Mdogo wangu Klara ndiye hakurudi. Kila jioni alibeba blanketi lake akaenda kulala kwa mama Esteria, ng'ambo ya barabara. Hatukumkataza.

Klara yuko darasa la sita. Mwaka huu shuleni kwao wameanza kodingi, yaani kuiandikia kompyuta maagizo, na kila kundi linatakiwa litengeneze kitu cha kusaidia nyumbani. Kundi moja likachagua taa ya banda la kuku. Klara akasema kundi lake litatengeneza king'ora cha ukingo. Wenzake wakamwita Fundi Matope. Mwalimu wao, Masudi, kijana aliyetoka Tanga, hakucheka. Akaja nao kukifunga.

Kilikuwa kibao kidogo cha kompyuta, kinaenea kiganjani, wamekitia ndani ya kopo la plastiki. Kamba ilitoka kwenye kigingi juu ya ukingo ikashuka mpaka kwenye kopo. Udongo ukisogea, kigingi kinavuta kamba.

"Mmekiambiaje?" nikamuuliza Klara.

"Kama kamba imevutwa, lia. La sivyo, subiri."

"Basi?"

"Basi, dada. Hakijui kingine."

Jioni ile alilala nyumbani.

Jumamosi mchana, tunakula, kikalia. Klara alitoka mbio. Baba naye alitoka, sahani ya mchicha mkononi. Kumbe mbuzi wa mama Esteria kajikwaa kwenye kamba.

"Hata mbuzi kasoma kodingi!" baba akasema, akacheka mpaka mchicha ukamwagika. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Klara hakucheka. Alisimama mlangoni ananiangalia. Nilikuwa bado nimekaa kwenye kigoda, tonge mkononi.

"Dada, hukusikia?"

"Nilisikia."

"Sasa mbona hukutoka?"

Masikio yalisikia vizuri tu. Miguu ndiyo haikuona sababu.

Mwalimu Masudi alirudi kukagua. Alimpa baba shikamoo, akazunguka ukingo wote, akavuta kamba, king'ora kikalia. Kundi la Klara likapata alama zote. Kisha akasema kibao kinarudi shuleni, watu wa taa ya kuku wanakisubiri.

"Mwalimu, mvua zinakaribia," nikasema.

"Najua, dada Evodia. Kibao ni kimoja, shule nzima. Kila mradi ukishasahihishwa tunaufungua, wengine wajenge. Ndivyo tulivyopangiwa."

"Mpaka wote wamalize?"

"Mpaka wamalize. Mwisho wa mwaka nitaangalia."

Hakuwa mtu mbaya. Alisema akiangalia viatu vyake. Baba alimkaribisha chai.

Klara alikifungua mwenyewe. Alitoa betri, akakunja waya, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu alipoondoka, akaingia ndani, akatoka na blanketi.

"Ngoja," nikamwambia.

Nikaishika ile kamba, nikaiunga na nyingine ya kufungia mizigo ya kabichi, nikaipitisha dirishani juu ya kitanda chetu. Ncha nikaifunga mkononi mwangu.

"Unafanya nini?"

"Niambie kama mlivyokiambia kibao."

"Wewe hutoki, dada. Nimekuona."

"Jaribu."

Akaweka blanketi kizingitini, akapanda ukingoni. Nilikaa kitandani. Ukungu ulikuwa umeshuka, dirisha lote jeupe, sikumwona. Kamba ikakaza. Nikautazama mkono wangu unavyovutwa, kama wa mtu mwingine. Ukavutwa tena. Nikasimama, nikatembea, na mlangoni kamba ikanizuia, nusu ya mwili nje, nusu ndani.

Klara akateremka. Akaliangalia lile fundo kama anavyoangalia hesabu iliyokataa.

"Umechelewa," akasema. "Halafu fundo baya. Litakushikilia humohumo. Funga la kuteleza, ukinyanyuka unaliachia."

Akanifungia mwenyewe.

"Tena."

Nikarudi kitandani. Kamba ikavutwa. Nikaliachia fundo, nikatoka, nikafika uwanjani. Baba alikuwa amesimama na kikombe chake anatutazama.

"Bado umechelewa," Klara akasema. "Na ukitoka unaita. Ita jina langu, uite na la baba. Hukuita."

"Sawa."

Blanketi pale kizingitini lilikuwa linalowa kwa ukungu. Baba akainama, akaliokota, akaliingiza ndani, nikasikia kitanda kikilia alipolitandika. Klara alimwona. Akageuka, akaanza kupanda ukingo.

"Tena, dada."

Nikaingia, nikakaa, nikavaa kamba mkononi.