Tone Karibu na Tundu la Pini

"Safi," alisema mama mkwe, na haikuwa safi.

Alikuwa ameishika fremu ya bastola kwa mkono wenye glavu, ameiinamisha juu ya karai, na mkono wa pili ukimwaga maji kutoka kwenye jagi. Maji yaliteremka juu ya alumini kama shuka linalovutwa kitandani, yakafika karibu na tundu la pini, yakasita, yakagawanyika. Tone moja likabaki limejikunja peke yake. Maji yanapojikunja pana mafuta, na penye mafuta rangi haishiki. Hilo alinifundisha yeye.

Mteja alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtunza silaha wa kampuni ya ulinzi. Tulimwita Kamanda, ingawa hakuwahi kumwamuru mtu zaidi ya dereva wake. Alitaka fremu zake zipigwe rangi siku hiyohiyo.

"Mama akishasema safi, mimi nina neno gani?" alisema, akavuta kiti.

Nilikuwa nimemwoa binti mkubwa wa mama huyo, na maabara niliyofanyia kazi ilipofungwa, niliingia karakana yake. Miaka ile naikumbuka kwa harufu kuliko kwa kitu kingine: dawa ya kutoa mafuta, vumbi la mchanga laini, oveni ikipata moto asubuhi. Fremu zilifika tupu, bila kifyatulio wala springi, nyeusi, zimepauka pale viganja vya walinzi viliposhika na pale ala ya kiunoni iliposugua. Weusi ule haukuwa rangi. Ni tabaka gumu lililooteshwa kiwandani juu ya alumini kwa umeme na tindikali, na sisi tuliliita ngozi. Wateja walitwambia tukwangue yote. Mama mkwe hakukwangua. "Ngozi hatuichuni," alisema. "Tunaiparuza tu, rangi ipate pa kushika."

Tulizilowesha fremu kwenye dawa, tukazioka zikiwa tupu ili joto liyatoe mafuta yaliyojificha kwenye matundu, tukazifuta, tukazipulizia mchanga kwa shinikizo dogo mpaka mng'ao ukafa, tukazisuuza. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa kwa mkono mtupu. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ndiye aliyezitundika kwenye nyaya. Nikipita karibu naye nikiwa na sahani ya chakula, alinyoosha mikono juu kama mtu anayesalimu amri. "Shemeji, pita mbali. Umebeba mafuta ya nyumba nzima."

Kazi zote hizo tulipokezana. Kumwaga maji na kutamka "safi", mama mkwe hakupokezana na mtu. Wateja walilifuata neno lile, kwa sababu rangi iliyotoka mikononi mwake haikubanduka.

Dalili nilikuwa nimeziona. Alimimina chai nje ya kikombe. Alitambua makopo kwa kuyanusa. Niliisogeza taa ya mezani, kidogo kidogo, kuelekea upande wake. Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba haoni.

Shemeji naye alikuwa ameliona lile tone. Alinisogelea, akanong'ona, "Ukithubutu, leo unalala stoo."

"Na wewe ukisema?"

"Mimi ni mwanawe. Nitalala jikoni."

Nilipima. Nikinyamaza, rangi itavimba pale kwenye tundu, ndani ya ala yenye jasho, na Kamanda atarudi na fremu zake akiwaonyesha watu kazi ya mama mkwe wangu. Nikisema, nitakuwa nimempokonya kazi aliyojijengea jina, mbele ya mteja, mimi niliyekaribishwa pale kwa hisani. Njia ya tatu sikuiona, na maji yalikuwa yanakauka.

"Mama," nilisema, "naomba umwage tena."

Kamanda alicheka. "Kumbe siku hizi mkwe ndiye anayemkagua mama mkwe. Dunia imepinduka."

Mama mkwe aliinua jagi, akamwaga polepole, na fremu hakuitazama. Alinigeuzia uso mimi.

"Unaona nini, baba?"

"Tone. Karibu na tundu la pini."

"Moja?"

"Moja, mama. La pili linajikusanya."

Aliiweka fremu kwenye trei kwa uangalifu uleule wa siku zote. "Kamanda, njoo kesho. Mkwe wangu ameona mafuta."

"Lakini umesema safi."

"Nimesema. Na yeye ameona. Kesho."

Kamanda alipoondoka, shemeji alikumbuka ghafla kwamba kuna nyaya za kununua. Tulibaki wawili. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Nilijua tangu ulipoanza kunisogezea taa," alisema. "Nikawa najiuliza utaisogeza mpaka wapi. Ilikaribia kuniunguza nyusi."

Karakana ile sasa ni duka la simu. Mimi nimerudi maabara, na usafi wa chuma naupima kwa mashine inayotoa namba. Naiamini. Haijanitania hata siku moja.

Jioni ya siku ile ya tone tulizirudisha fremu zote kwenye dawa, tukazioka upya, tukazipulizia mchanga upya. Kesho yake Kamanda alifika mapema, safari hii bila utani. Mama mkwe alivaa glavu, akachukua fremu ya kwanza, akamwaga. Maji yaliteremka yote kwa pamoja, bila mpasuko, yakapita juu ya tundu la pini kana kwamba halipo, yakaishia ukingoni. Nilingoja aseme. Hakusema. Shemeji aliizima kompresa ya upepo, na katika ukimya ule nikaelewa kwamba wote watatu walikuwa wananingoja mimi.

Nilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikalitamka neno lile, kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, baba," alisema mama mkwe, jagi bado liko mkononi. "Mteja asikie."