Nsansa ya Mgeni

Kwa siku nzima Salvina alikuwa na wasiwasi na mgeni mmoja tu. Parokia ilimpa kazi ya kuwapikia mahujaji kutoka Italia watakaopita Didia, na Innocent, katekista aliyekuwa akiwatafsiria, alimsisitizia: "Mama Elieth, kuna binti anaitwa Lusia. Karanga asile kabisa. Akizila koo linavimba, anaweza kufa."

Mboga bila karanga! Salvina aliguna, lakini alipika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwenye vyungu viwili: kikubwa cha karanga, kidogo cha samli tupu.

Wageni walinawa, wakaketi mkekani, wakafundishwa kumega ugali wa mtama na kuutoboa kwa dole gumba. Matonge yakawamomonyokea, wakacheka hadi machozi. Salvina akakiweka chungu kidogo mbele ya Lusia, akarudi jikoni kuongeza ugali. Huko akamkuta wifi yake, Mbuke, akijifuta mikono.

"Wifi, kile chungu kidogo ulisahau karanga," Mbuke alisema kwa furaha. "Nimeshakutilia."

Salvina alitoka mbio, kanga ikimvuka kiunoni. Innocent alikuwa barabarani na dereva. Lusia ameshachovya tonge, analipeleka mdomoni. Salvina, asiyejua hata neno moja la Kitaliano, akaupiga ule mkono. Tonge likaruka, mchuzi ukammwagikia binti wa watu kifuani.

Mzee mmoja wa msafara akasimama, amekunja uso.

"Karanga, mwanangu!" Salvina alisema akitweta, akionyesha chungu na kujishika koo. Hawakumwelewa. Akarudi jikoni akikimbia, akaja na konzi ya karanga, akazimwaga kando ya chungu.

Lusia alizitazama, uso ukambadilika. Akasema kitu kwa sauti ndogo, akafunika mdomo.

Innocent alikuwa amefika. "Umekula?" alimuuliza kwa lugha yake. Binti akatikisa kichwa, akaonyesha simu yake. Muda wote alikuwa akiwapiga wenzake picha. Lile lilikuwa tonge la kwanza.

Salvina akakaa chini palepale, akavuta pumzi ndefu. Lusia akamkumbatia na ule mchuzi wake kifuani, wote wawili wakilia na kucheka. Yule mzee akaja kumshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

Mbuke alikuwa ameegemea mlango. "Wifi, mimi nilidhani nakusaidia."

"Najua. Njoo umnawishe mgeni wetu."

Mbuke akamnawisha Lusia kwa sabuni, kidole kwa kidole, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Akamletea ugali mwingine na maziwa ya mgando, akaonja kwanza yeye, akamtazama. Lusia akanywa. Mgando ukamwachia masharubu meupe. Akalishika bakuli kwa mikono yote miwili, akamnyooshea Mbuke aongezewe.

"Kunywa, ng'wanawane, kunywa mwanangu," Mbuke alisema, akimmiminia hadi juu. "Ng'ombe wapo."