Nakala Nyepesi

Siku ya kuanua matanga ya mzee Nshimiyimana, mjane wake aliomba kitu kimoja tu. Alitaka awekewe video ya harusi ya binti yake Iteka, amsikie marehemu akiongea. Mama Esperansia alikuwa amepoteza macho tangu Iteka akiwa shule ya msingi, kwa hiyo kwake video ilikuwa kitu cha masikio.

Iteka akaitoa video kwenye simu, akaiunga na spika ndogo ya jirani, akaiweka juu ya mkeka karibu na mama yake. Ndugu waliokuwa bado hawajaondoka kijijini Keza wakasogea. Kwenye kioo cha simu wakapita wazee wa pande mbili, akapita ng'ombe wa mahari na utepe shingoni, na juu ya vyote hivyo ukapita wimbo wa mapenzi wa kijana mmoja wa mjini, unaanza, unakwisha, unaanza tena.

"Sasa ndiye anaongea?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Amesimama, ameshika fimbo."

"Mbona wanaimba?"

Iteka akainama karibu na simu. Pale kwenye kioo mdomo wa baba yake ulikuwa unafunguka na kufungika, na hakuna neno hata moja lililosikika. Alikuwa ameitazama video hiyo mara nyingi tangu aolewe, ameionyesha kwa mashoga na mawifi, na hata siku moja hakuwahi kuona kwamba baba yake hasikiki. Hilo ndilo lililomkata maini.

Tusimlaumu peke yake. Video za harusi za huku kwetu ndivyo zilivyo. Wazee wakisimama kusema, mtengenezaji anateremsha sauti zao na kupandisha muziki, maana nani ana muda wa kusikiliza habari za ng'ombe kutoka asubuhi mpaka jua linageuka? Watu wanataka kuona nguo. Na wazee wenyewe hawalalamiki. Wakijiona tu kwenye televisheni wanacheka na kuridhika. Wanadhani watakuwepo siku zote kuyarudia waliyoyasema.

Iteka ameolewa Nemba, na kutoka hapo mpaka Biharamulo mjini si safari ya kumtisha mtu. Wiki ileile akaenda studio kwa Thobias, aliyeipiga na kuiediti harusi yake. Thobias ni mtu mwema, mcheshi, mwepesi wa kusaidia, lakini ukimgusa kwenye mambo ya mashine, kaa chini kabisa, maana hutaondoka leo. Iteka akamweleza shida yake. Akamwomba zile picha za kamera zenyewe, kabla hazijawekwa nyimbo.

Thobias akakuna kichwa. Zile alishazifuta zamani. Harusi moja inajaza diski, alisema, na kila Jumamosi kuna harusi. Kisha uso ukamchangamka, akavuta laptopu yake mpya karibu kama mtu anayemtambulisha mchumba.

Hapo ndipo Iteka alipopewa somo ambalo hakuliomba. Kompyuta ya zamani, ile iliyotengeneza harusi yake, ilikuwa pale chini ya meza, imefunikwa kitenge. Thobias akaifunua ubavu, akamwonyesha kadi ya grafiki iliyomo ndani: pande la kitu, refu kama mkono kuanzia kiwiko, lina feni mbili zilizojaa vumbi. Hii ndiyo inayobeba mzigo wa picha, akasema. Ilikuwa inakula umeme kama mashine ya kusaga, na ikifanya kazi chumba kizima kinapata joto mpaka wateja wanavua masweta. Ya kwenye laptopu haizidi ukubwa wa biskuti, inakula umeme kidogo, na unatembea nayo begani. Kwa nguvu tu hazikuachana sana, alikiri; mzee huyu ukimpa umeme wa kutosha anatoka jasho lakini anafika, na yule kijana ukimchomoa ukutani anakuwa mvivu. Tofauti ilikuwa kwenye akili. Hii mpya ilizaliwa wakati wa programu zinazoweza kuchukua wimbo na sauti ya mtu vilivyochanganyika na kuvitenga, kila kimoja upande wake. Ile ya zamani hata uipigie magoti haiwezi.

Iteka alisikiliza yote hayo kwa adabu, kisha akauliza swali moja: itamtoa baba yangu?

"Itamtoa," akasema Thobias. Alilisema haraka mno.

Basi akaiweka video, akabonyeza hapa na pale, na wimbo wa yule kijana wa mjini ukaanza kufifia kama mvua inayohamia vilima vya mbali. Ikabaki sauti ya mwanamume, safi, inaongea Kirundi, lugha ya nyumbani kwao, inataja ng'ombe na malisho. Kuna mahali maneno yalikatika, na mahali pengine yaliungwa kwa namna ya ajabu, lakini yalikuwa maneno. Iteka alilia palepale kwenye kiti cha wateja. Akaiweka sauti ile kwenye simu, akapanda gari la Ngara siku ya pili yake, akamalizia na bodaboda mpaka mlangoni kwa mama yake.

Mama Esperansia alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipokwisha akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni baba, mama. Siku ya harusi yangu."

"Baba yako alikuwa na kikohozi. Na akitaka kumsifu ng'ombe, anavuta pumzi kwanza." Akapapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake. "Huyu hapumui, Iteka."

Hakulisema kwa hasira. Akamwambia aizime simu, asihangaike tena, yeye ameshakubali. Iteka alijua kwa jinsi alivyolisema kwamba hajakubali chochote. Usiku ule mama hakugusa chakula, na asubuhi alipomsindikiza mpaka kwenye migomba, alikuwa anatembea kama mtu aliyefiwa jana.

Iteka alipitia Biharamulo kabla ya kurudi Nemba. Hakuwa na matumaini yoyote. Alitaka tu Thobias ajue. Akamkuta ameichomoa ile kadi ya zamani, ameilaza juu ya gazeti, anaifuta vumbi kwa brashi ya rangi. Kompyuta imepata mteja, alisema, mwalimu mmoja anaitaka wanawe wachezee mpira wa kwenye kioo, na anakuja kuichukua mchana huo.

Iteka akamweleza alivyosema mama. Thobias akaendelea kuifuta kadi. Mwishowe akasema kwamba mashine imefanya ilivyotumwa. Imeambiwa itafute maneno, ikayatafuta, na kila kisichokuwa neno ikakihesabu uchafu. Haijui kwamba kikohozi nacho ni mtu.

Brashi ikaendelea kupita kwenye mapanga ya feni. Iteka akaitazama ile kadi, akauliza, kama haikuwa na uwezo hivyo, harusi yake iliwezaje kuikata na kuiunga?

"Ilikuwa haiwezi," akasema Thobias bila kuinua macho. "Picha za kamera zilikuwa nzito kwake, inakwama kila hatua. Kwa hiyo kila harusi nilikuwa naifanyia kwanza nakala nyepesi. Picha mbovumbovu, sauti ileile. Nakata kwenye hizo, halafu mwishoni ndiyo napachika picha nzuri…"

Brashi ikasimama.

"Hii mpya haihitaji nakala nyepesi," akasema polepole. "Ndiyo maana nilizisahau."

Akairudisha kadi kwenye nafasi yake, akaikosea, akaitoa, akairudisha tena. Alipowasha, feni zikanguruma chumba kizima. Kulikuwa na diski ya pili ambayo hakuwa ameifungua tangu anunue laptopu, na ndani yake, katikati ya harusi za watu wengine, kulikuwa na faili limeandikwa Keza. Akalifungua. Mzee Nshimiyimana akatokea akiwa vipande vya rangi tu, kama nguo ya viraka. Huwezi kumtambua pua wala jicho. Kisha akakohoa.

Iteka akajiziba mdomo kwa kiganja. Thobias alitaka waendelee, lakini Iteka akamzuia. Asikie mama kwanza. Thobias akampigia mwalimu simu na kumwambia asije. Akahamishia nakala ile kwenye laptopu, akaitia begani, akafunga studio. Iteka alimwambia hana haja ya kujisumbua mpaka Keza, naye akajibu kwamba anayo.

Walimkuta mama Esperansia amekaa barazani anachambua maharage kwa vidole.

"Shikamoo mama," Thobias akasema.

"Marahaba." Mama akasikiliza sauti ile ngeni. "Wewe ndiye mwenye nyimbo?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama akayaacha maharage. Akasogeza ungo pembeni, akapangusa mikono, na akakaa vizuri. Karibu yake kulikuwa na kigoda cha marehemu, na hakuna aliyekikalia.

Kwanza likaja neno la kumpokea ng'ombe. Huko kwao baba wa binti hukaa kimya, akasemewa na mwingine, na zamu yake ni hiyo tu. Mzee Nshimiyimana alivuta pumzi, akamsifu ng'ombe, akasifu mahali alikotoka, akakohoa, akaendelea. Mama alikuwa anatikisa kichwa kwa mwendo wa maneno yale. Machozi yalimshuka naye hakuyafuta. Iteka akadhani kazi imekwisha, kwamba hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta.

Lakini Thobias alikuwa amembandika mzee maiki ndogo kwenye koti tangu asubuhi ya harusi, na hakuna aliyemwambia mzee kwamba inanasa kila kitu. Makofi yalipotulia, kiti kikalia, na ile sauti ikarudi, sasa ya chini, ya karibu, sauti ya mtu anayesema na mtu aliye ubavuni kwake.

"Mama Iteka, sasa wanamtoa ndani. Amevaa mgolole wa mvutano, wa rangi ya chungwa, umefungwa begani. Umemkaa." Akakohoa. "Anatembea polepole kama ulivyokuwa unatembea wewe. Analia. Usijali, analia vizuri. Mkwe wetu ameshika fimbo kichwa chini, na hakuna anayemwambia. Basi, mjomba wake amemwambia."

Siku ile ya harusi Iteka alimtazama mama yake kutoka mbali, amekaa wima na kitambaa chake kipya, akamwonea huruma kwamba ameketi gizani katikati ya sherehe. Huruma hiyo alikuwa ameibeba mpaka Nemba, na hakuwahi kumwambia mtu. Kumbe mama alikuwa anaona. Alikuwa na macho yake pale ubavuni, yanakohoa, na sasa ndiyo hayo yaliyozikwa nyuma ya migomba. Watu wote wamemlilia mume wa mtu, na mama peke yake ndiye aliyekuwa anajua amepoteza nini.

"Sasa amepiga magoti mbele yao," ile sauti ikasema. "Ameinua uso anatutafuta. Umemwona?"

Kwenye nakala hakukusikika jibu. Labda siku ile mama aliitikia kwa kichwa tu.

"Nimemwona," akasema mama Esperansia.

Thobias alikuwa ameinama anaangalia sakafu. Kirundi si lugha yake, lakini Kisubi chake, lugha iliyo jirani na Kirundi, kilimtosha kuelewa, na yeye ndiye aliyekuwa ameyafunika maneno yale kwa wimbo.

Mzee akaendelea kusimulia, na kila alipouliza, mama alijibu. Ndiyo, ameiona zawadi. Ndiyo, amemwona shangazi anavyocheza vibaya. Safari moja hata alicheka. Kisha kelele za watu zikaongezeka kwenye nakala, na mzee akainua sauti kidogo.

"Wanakuja kutuaga. Wako upande wangu huku. Geukia huku, Mama Iteka, geu…"

Ikakatika. Kamera ilikuwa imejaa, na Thobias siku ile alikuwa amekwenda kutafuta kadi nyingine ya kumbukumbu. Thobias akafungua mdomo aeleze kwamba basi, zaidi ya hapo hakuna kitu. Iteka akamshika mkono.

Mama Esperansia alikuwa amegeuza uso upande wa kile kigoda kitupu, ameinua kidevu kidogo, anangoja.

"Endelea, Baba Iteka," akasema. "Nimegeuka."